Chupa ya 'kulinda neva za macho' na jicho ambalo halijapimwa

Msomaji mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, ameniandikia kuhusu mama yake. Mama huyo aligundulika kuwa na kisukari miezi michache iliyopita, alipokwenda hospitali kwa sababu ya kidonda kilichokataa kupona. Ameanza dawa. Anaona vizuri, na Biblia yake anaisoma kwa miwani ile ile ya siku zote. Sasa jirani amewaletea habari za chupa ya vidonge vyenye "viondoa sumu". Kwa maelezo ya muuzaji, vidonge hivyo hulinda neva za macho zisiharibiwe na sukari, mradi mgonjwa aanze mapema, macho yakiwa bado mazima. Fedha ipo, ni ya kahawa waliyouza msimu huu, na watoto wamegawanyika. Anauliza: tununue au tuache?

Swali hili linanifikia kwa sura nyingi, kutoka Bukoba mjini hadi visiwani. Chupa zinauzwa kwenye mabasi, kwenye semina za kumbi za mtaa, na kwa ujumbe wa simu unaopita kutoka kundi moja la ukoo hadi jingine. Jina la chupa hubadilika lakini hoja ni ile ile.

Jibu langu ni kwamba msinunue, angalau si sasa, na si kabla ya jambo jingine ambalo nitalieleza. Lakini sitaki kumwita muuzaji mwongo halafu nikaishia hapo. Sehemu kubwa ya anayoyasema imetoka kwenye sayansi ya kweli. Kosa lake linaanzia mahali ambapo sayansi hiyo inatoka kwa panya na kufika kwa binadamu.

Moto mdogo nyuma ya jicho

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho, upande wa nyuma. Huo ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari ambayo ubongo unaielewa. Wengi hufundishwa kwamba ni kama filamu ya kamera. Mimi napenda kusema ni kipande cha ubongo kilichokuja mbele kuchungulia nje, kwa sababu ndivyo kinavyoundwa mtoto akiwa tumboni, na kwa sababu seli zake za neva, kama zile za ubongo, zikishakufa hazioti tena.

Kwa uzito wake, retina ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote. Hata gizani hailali. Seli zinazopokea mwanga hutumia nguvu nyingi zaidi usiku kuliko mchana. Ndani ya kila seli kuna majiko madogo, mitokondria, yanayochoma sukari ili kupata nguvu. Sukari ikizidi kwenye damu, majiko hayo hupakiwa kuni kuliko yanavyoweza kuchoma vizuri, nayo huanza kurusha cheche. Cheche hizo ni chembe kali za oksijeni ambazo hushambulia mafuta ya kuta za seli, protini na hata vinasaba.

Mwili una wazima moto wake. Baadhi huutengeneza wenyewe, kama glutathioni. Wengine huingia na chakula, kama vitamini C na vitamini E. Kwa jumla huitwa antioksidanti, na ndio ambao muuzaji anawaita viondoa sumu. Kwa mwenye kisukari mambo mawili hutokea kwa pamoja: cheche zinaongezeka na wazima moto wanapungua.

Mwaka 2001 Michael Brownlee wa New York alichapisha katika jarida la Nature makala iliyoonyesha kwamba njia kadhaa ambazo sukari hutumia kuharibu macho, figo na neva zinaanzia kwenye cheche hizo za mitokondria. Miaka 3 kabla yake, Alistair Barber na wenzake wa Pennsylvania walikuwa wameonyesha jambo jingine lililowashangaza madaktari wa macho. Katika panya waliofanywa kuwa na kisukari, seli za neva za retina zilianza kufa ndani ya mwezi wa kwanza tu, na dalili za kifo cha namna hiyo zilionekana pia katika macho ya binadamu waliokuwa na kisukari.

Umuhimu wa hilo ni huu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kisukari huharibu jicho kupitia mishipa ya damu: inavimba, inavuja, inaziba, kisha jicho linaotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka na kumwaga damu. Yote hayo ni kweli. Lakini inaonekana neva huanza kuumia kabla mishipa haijaonyesha chochote. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Uholanzi waliripoti kwamba watu wenye kisukari ambao mishipa ya macho yao ilikuwa bado safi, au karibu safi, walikuwa tayari wanapoteza unene wa tabaka la neva mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo muuzaji anaposema "neva huumia mapema, kabla hujahisi", anasema kweli. Anaposema antioksidanti zililinda retina, anasema kweli pia, kama anazungumzia panya. Renu Kowluru na Timothy Kern walichapisha mwaka 2001 matokeo ya panya wenye kisukari waliolishwa mchanganyiko wa antioksidanti kwa muda mrefu: mishipa midogo ya retina zao iliharibika kidogo kuliko ya wenzao waliokula chakula cha kawaida.

Panya hao, hata hivyo, walianza kulishwa tangu mwanzo kabisa wa ugonjwa, kwa sababu mtafiti aliyewapa kisukari anaijua tarehe yenyewe. Mama wa Kamachumu hana tarehe kama hiyo.

'Mapema' ya nani?

Hapa naomba msomaji asiharakishe, maana ndipo familia nyingi zinapopotea.

Kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, hukaa mwilini kimya kwa miaka kabla ya kugunduliwa. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kama UKPDS, watu wenye kisukari walipimwa macho pale pale walipogundulika. Zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari na madhara kwenye retina, ingawa ndiyo kwanza walikuwa wanaambiwa wana sukari. Hapo ni Uingereza, ambako mtu ana daktari wa familia. Kwa mtu aliyegunduliwa kwa sababu ya kidonda kisichopona, kama mama huyu, "miezi michache" ni muda wa kujua tu. Ugonjwa wenyewe huenda una miaka.

Na kuona vizuri hakuthibitishi lolote. Retina haina maumivu. Mishipa inaweza kuvuja pembeni kwa muda mrefu wakati katikati, mahali pa kusomea, bado pako sawa. Siku damu inapomwagika ndani ya jicho, mgonjwa huona kama masizi au utando wa buibui, na hiyo ndiyo huwa dalili yake ya kwanza.

Kwa hiyo sharti la muuzaji, "anza mapema, macho yakiwa mazima", linahitaji mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba macho ni mazima. Nani amemthibitishia? Katika barua nzima sikuona mahali palipoandikwa kwamba mama amefanyiwa uchunguzi wa retina. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, na kupimwa miwani dukani hakutoshi. Uchunguzi ninaouzungumzia ni ule wa kutiwa matone ya kupanua mboni, kisha mtaalamu anaangalia nyuma ya jicho kwa kifaa chake au kwa kamera.

Vidonge vilipojaribiwa kwa watu

Majaribio kwa binadamu yamefanyika, na si machache. Nitaje manne yanayotosha kuonyesha picha.

Mwaka 1999 watafiti wa Boston waliwapa watu 36 wenye kisukari cha aina ya kwanza vitamini E kwa dozi kubwa sana. Mtiririko wa damu kwenye retina ulirudi karibu na hali ya kawaida. Habari njema, lakini mtiririko wa damu si kuona, na watu 36 ni wachache.

Kisha ukaja utafiti wa HOPE. Ndani yake kulikuwa na watu 3,654 wenye kisukari, nusu wakipewa vitamini E yuniti 400 kila siku na nusu kidonge bandia, kwa wastani wa miaka 4 na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Vitamini E haikupunguza madhara ya kisukari kwenye moyo, figo wala macho.

Asidi ya lipoiki, ambayo jina lake huonekana kwenye lebo za chupa nyingi za "neva", ilijaribiwa Ujerumani kwa watu 467 kwa miaka 2. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba haikuzuia uvimbe wa retina.

La nne ndilo ambalo wauzaji wanaojua kusoma hulitaja. Watu 67 wenye kisukari walipewa mchanganyiko wa virutubisho vingi au kidonge bandia kwa miezi 6. Waliopewa mchanganyiko waliona rangi na tofauti za kivuli vizuri zaidi. Sidharau matokeo hayo, maana kuona rangi na vivuli ni kazi ya neva, na watu hao walikuwa hatua za mwanzo, kundi lile lile tunalolizungumzia. Lakini ni watu 67, nusu mwaka, na mtengenezaji wa mchanganyiko alikuwa na mkono kwenye gharama. Hakuna aliyefuatiliwa hadi tujue kama ameepuka upofu.

Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wataelewa kwa nini vidonge hivi vimekuwa vikishindwa. Mtumbwi ukiwa na tundu, unaweza kumweka mtu achote maji usiku kucha na bado ukazama. Antioksidanti ya kidonge ni yule mchota maji. Tundu ni sukari inayozidi na presha iliyo juu. Tena kidonge kinapita tumboni, kinagawanywa mwili mzima, na kinachofika kwenye retina ni kidogo.

Wapo watakaosema, "hata kama hakisaidii, hakidhuru". Si hivyo. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitoa ripoti ya wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, antioksidanti ya karoti, wakitarajia kinga. Waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Mwaka 2011, Marekani, vitamini E yuniti 400 kwa siku ilionekana kuongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Dozi inayotoka kwenye chupa si sawa na ile inayotoka kwenye sahani ya mchicha.

Kuna pia mkanganyiko wa usimamizi unaomsaidia muuzaji. Tangu mwaka 2019 masuala ya chakula yalipohamishiwa TBS na TFDA ikawa TMDA, chakula kina mlinzi wake na dawa ina wake. Chupa inayojiita lishe kwenye lebo huwa ni tiba mdomoni mwa anayeiuza. Soma lebo, kisha linganisha na ulichoambiwa. Mara nyingi lebo ina adabu kuliko muuzaji.

Na watu wa Muleba wana haki ya kudai ushahidi kuliko wengi. Shirika la Afya Duniani lilipobadili mwongozo wake mwaka 2017 na kuunga mkono vyandarua vyenye PBO mahali ambapo mbu wamezoea dawa, ushahidi mkuu ulitoka kwenye jaribio lililofanyika vijiji vya Muleba. Makundi ya kaya yaligawanywa kwa kura, watoto wakapimwa malaria, na kipindi baada ya kipindi wakarudiwa kupimwa. Chandarua kilithibitishwa hivyo kabla dunia haijakikubali. Sioni kwa nini chupa ya macho ikubaliwe kwa ushuhuda wa semina.

Kinachozuia cheche zisirushwe

Turudi kwenye jiko. Kama kuni zilizozidi ndizo zinazoleta cheche, basi antioksidanti kubwa kuliko zote ni kupunguza kuni. Hili limethibitishwa kwa namna ambayo hakuna kidonge cha lishe kimewahi kuthibitishwa.

Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, kuibana sukari kulipunguza hatari ya madhara ya retina kuanza kwa asilimia 76. Kwa kisukari cha aina ya pili, UKPDS ilionyesha mwaka 1998 kwamba kuibana presha kulipunguza kuendelea kwa madhara ya retina kwa takriban theluthi moja. Presha, ndugu msomaji. Watu wengi wa Kagera wanaoogopa kisukari kitawapofusha hawajui kwamba kidonge chao cha presha, kile wanachokiruka kwa sababu "leo sijisikii vibaya", ni dawa ya macho.

Na neno "mapema" lina maana yake ya kweli hapa. Watu wa DCCT waliendelea kufuatiliwa baada ya jaribio kwisha. Sukari za makundi mawili zilikaribiana, lakini walioanza kubana mapema waliendelea kuwa na macho bora kwa miaka mingi. Retina ina kumbukumbu: inaukumbuka mwaka mzuri, na inaukumbuka mwaka mbaya pia. Kowluru aliona jambo hilo hilo kwa panya. Walioachwa na sukari ya juu kwa miezi 6, hata waliporekebishwa, uharibifu uliendelea.

Tahadhari moja ambayo haisemwi sana: mtu ambaye sukari yake imekuwa juu kwa miaka, akaishusha kwa ghafla, hasa kwa insulini, macho yake yanaweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Hiyo si sababu ya kukataa insulini. Ni sababu ya kuangaliwa retina kabla au mara tu matibabu makali yanapoanza, si mwaka unaofuata.

Kuna dawa moja ya kuangalia. Fenofibrate, kidonge cha zamani cha kupunguza mafuta kwenye damu, ilijaribiwa Uskoti kwa watu 1,151 waliokuwa na madhara ya mwanzo ya retina. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kupungua kwa asilimia 27 kwa hatari ya kuzidi kwa ugonjwa. Si ya kununua dukani mwenyewe, kwa sababu figo lazima zipimwe. Lakini kama nina fedha moja tu ya kubashiria, naiweka huko kabla ya kuiweka kwenye chupa ya semina.

Kahawa, ndizi na dagaa

Najua nitaulizwa kuhusu kahawa, kwa hiyo nijibu kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliripoti mwaka 2014 kwamba asidi ya klorojeniki, antioksidanti iliyojaa kwenye kahawa mbichi, ililinda retina za panya zilizoteswa maabara. Robusta, kahawa kuu ya Kagera, ina asidi hiyo nyingi kuliko arabika. Je, kahawa ya kutafuna ni dawa ya macho? Hakuna aliyeonyesha hivyo kwa binadamu. Wageni wako waendelee kukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kama desturi ilivyo, na ukinywa kikombe usikitie sukari. Mengine tusiyaongeze.

Chakula kina ushahidi bora kuliko chupa, ingawa nao ni wa kiasi. Uchambuzi wa utafiti wa PREDIMED wa Hispania, kwa watu zaidi ya 3,000 wenye kisukari, uliona madhara ya retina yakiwa machache kwa waliokula mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni. Waliokula samaki wenye mafuta mara 2 kwa wiki walifanya vizuri zaidi. Zeituni haioti Nshamba, lakini maharage yanaota, mchicha na majani ya maboga yapo, na dagaa wanatoka ziwani. Majani ya kijani na kiini cha yai vina luteini, rangi ambayo retina huikusanya yenyewe katikati, pale penye kuona kwa makini.

Tatizo la sahani ya Kihaya si ndizi, ni mlima wa ndizi. Ndizi za kupika ni wanga. Zikipunguzwa nusu, maharage na mboga yakajaza nafasi, sukari hupanda taratibu. Rubisi ni habari nyingine. Ina sukari na kilevi kwa pamoja, na mwenye kisukari hana sababu nzuri ya kuendelea nayo hata kama ni ya harusi.

Kagera inahitaji nini

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara wakakuta kisukari kwa chini ya mtu mzima 1 kati ya 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa ulikuta sukari ya juu kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu hazikufanana, lakini hakuna anayehudumu kliniki atakayebisha kwamba mambo yamegeuka.

Kagera ina karibu watu milioni 3. Ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, na Muleba ina bahati ya hospitali za mashirika ya dini: Rubya na Kagondo za Wakatoliki, Ndolage ya Walutheri. Mgonjwa anayehitaji leza au sindano ya jicho anaweza kulazimika kwenda hospitali ya kanda, Chato au Bugando kule Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini nauli, malazi na siku za kazi zinabaki. Kwa mtu wa kisiwa cha Goziba au Bumbire, hata kufika Bukoba ni safari ya maji.

Kwa hiyo jambo la maana ni kujua nani asafiri. Kilimanjaro walilifanya. Kati ya mwaka 2010 na 2014, mradi ulio chini ya KCMC ulipeleka kamera kwenye kliniki za kisukari za mkoa na kupiga picha macho ya watu zaidi ya 3,000. Zaidi ya robo walikuwa na madhara ya retina. Sehemu ndogo yao ndiyo iliyohitaji matibabu ya haraka. Kamera moja, fundi wa kupiga picha, na mtu wa kuzisoma picha hata akiwa mbali. Mafunzo mabaya pia yapo huko: mwaka 2016 watafiti wa Kilimanjaro waliandika kuhusu wagonjwa wengi waliopigwa picha, wakaambiwa warudi, wasirudi. Kamera bila mtu wa kupiga simu ya kukumbusha ni nusu ya kazi.

Ningependa madiwani wa Bukoba na Muleba walijadili hilo wanapokaa kwenye bajeti: kamera moja inayozunguka kliniki za kisukari za halmashauri hizo, ikiwa na ratiba inayosomwa makanisani na misikitini. Mkoa huu ulionyesha mwaka 2023, Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini na kuua watu 6, kwamba unaweza kuwafuatilia watu nyumba kwa nyumba. Ugonjwa ule ulikwisha kwa takriban miezi 2 na nusu. Kisukari hakina siku ya kutangazwa kwamba kimekwisha, na labda ndiyo sababu hakiitiwi kikao cha dharura.

Siku ya kwenda kupima

Kwa familia ya Kamachumu na wengine walioniandikia, fedha ya kahawa ianzie hapa. Ulizeni kliniki ya kisukari mnayohudhuria, au Ndolage iliyo jirani yenu: ni siku gani mtaalamu wa macho yupo, na je, anapanua mboni? Kama hapana, ombeni barua ya kwenda mahali panapofanyika. Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa retina anapogundulika, kisha kila mwaka, hata akiambiwa ni safi. Wa aina ya kwanza huanza ndani ya miaka 5. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe mwanzoni kabisa mwa mimba, asingoje.

Nendeni na daftari la sukari na la presha. Ulizeni kama kuna kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3. Kinasema ukweli kuliko kipimo cha asubuhi moja uliyofunga kula. Ulizeni pia figo, maana jicho na figo huharibiwa na moto mmoja. Kama kuna dawa lishe yoyote ambayo mama ameshaanza kuinywa, beba chupa yenyewe mkamwonyeshe daktari, msione haya.

Baada ya matone, macho yataona ukungu na mwanga utakuwa mkali kwa saa kadhaa. Mama asirudi peke yake, na asipande bodaboda akiwa amebeba mzigo. Avae kofia au ajifunike khanga, na akabidhiwe majibu kwa maandishi yenye tarehe ya kurudi.